Vijiko vya Sajenti Ogwal

Kibuli, Jumatatu 3 Machi 2025

Kwa mwanangu Ojera,

Nakuandikia barua kwa sababu wasimamizi wa hiyo nyumba ya kuachishia dawa za kulevya wamekunyang'anya simu kwa siku tisini, jambo ambalo naliunga mkono. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofanyia kazi polisi miaka thelathini na moja, na kwa sababu Kilango chako, lugha ya kabila letu, ni cha kuombea chakula tu. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto.

Ifuatayo ni taarifa ya nyumba tangu uondoke.

Kwanza, vijiko. Mama yako aliacha vijiko kumi na viwili. Nilipohesabu vilikuwa sita. Kwa miaka miwili nilimshuku jirani yetu Rosebella, na mara mbili nilimwambia kavukavu kwamba anaazima bila kurudisha. Juzi nimeinua godoro lako nikakuta vijiko sita vimeungua, vyeusi ti. Sasa najua kwamba huo unga huchemshwa kwenye kijiko kabla ya kuingia kwenye sindano. Miaka yote hiyo kazini, na hili nimekuja kulijua chumbani kwa mtoto wangu. Nilikaa kitandani kwako muda mrefu nikalia. Naliandika hili kwa sababu taarifa lazima iwe kamili.

Pili, nimemwomba Rosebella msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Tatu, upekuzi. Unajua mimi nilikuwa mtunza vielelezo. Kitu kikiingia stoo kwangu kilipewa namba na kibandiko, na hakikutoka bila saini. Dawa haramu ziliteketezwa mbele ya shahidi. Nimefuata utaratibu huohuo. Jumamosi nimechoma nyuma ya nyumba vitu vyako vyote vya mashaka, jumla ishirini na vitatu, bila kufungua hata kimoja, maana sikutaka kujua zaidi ya nilichokwisha kujua. Rosebella alikuwa shahidi. Alitia saini kwenye cheti, akakohoa, akaenda zake.

Vijiko sita vizima nimevifungia kabatini. Kula, fanya wanachokuambia, na usitoroke.

Baba yako,
Sajenti (Mstaafu) Ogwal I.

*

Kawempe, Ijumaa 7 Machi 2025

Afande Baba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara moja kwa sauti, na wenzangu wakasimama wima bila kuamriwa.

Huku si pabaya. Tuko wanaume kumi na wanne. Kila asubuhi gari linatupeleka kliniki tunakunywa methadone, dawa ya kukata kiu ya unga, mbele ya muuguzi, tunaonyesha ulimi kwamba tumemeza, tunarudi kumenya matoke. Mwili umetulia. Sitetemeki, na usiku nalala. Barua zitakuwa zinabebwa na mama mmoja Mkongo, Nabintu. Zamani alijidunga kama sisi. Siku hizi anazunguka mitaani akigawa sindano safi na maneno makali. Jumatano na Jumamosi anauza vitenge huko Kibuli, kwa hiyo ndiye posta yetu.

Kuhusu vijiko sina la kujitetea. Samahani, Baba. Mwambie na Rosebella.

Ila nina swali moja dogo sana. Juu ya kabati langu kulikuwa na bati la biskuti, la bluu. Halikuwa na kitu kibaya, ni vitamini tu. Vidonge vyeupe, virefu kidogo, kimoja kila siku saa ileile. Sista, muuguzi wa hapa, anataka kuviona. Tafadhali niambie bati hilo halikuwa miongoni mwa vile ishirini na vitatu. Ukimpa Nabintu, usilifungue.

Mwanao,
Ojera

*

Kibuli, Jumanne 11 Machi 2025

Kwa Ojera,

Bati liko salama.

Halitatoka mara moja kwa sababu ya taratibu. Wakati huohuo naomba unijibu maswali yafuatayo kuhusu hizo vitamini. Ulipewa lini? Ulipewa ngapi? Umekwisha kumeza ngapi, na umeruka siku ngapi? Unazimeza na chakula au bila chakula? Je, zinakuletea ndoto za ajabu? Mtu akianza vitamini za namna hiyo hatakiwi kuzichezea. Hatakiwi kuacha akijisikia nafuu, na hatakiwi kumpa mwenzake. Hivi ndivyo nilivyosikia kwa watu.

Rosebella ameleta mchuzi wa kuku. Nilimwambia aache mlangoni kwa sababu ilikuwa saa moja jioni, na saa moja jioni nina shughuli.

Ogwal I.

*

Kawempe, Jumamosi 15 Machi 2025

Afande Baba,

Umejuaje kuhusu ndoto?

Nilipewa vidonge tisini tarehe kumi Januari. Sijameza hata kimoja. Nilivipanga kwenye bati nikaweka biskuti juu, nikawa kila siku nasema kesho. Ndiyo ukweli.

Sasa mambo yamebana. Nilimwomba sista chupa nyingine. Akatazama kompyuta, akasema, "Sebo, bwana, hapa inaonyesha una vidonge tisini nyumbani. Nikikupa vingine wataniuliza mimi. Leta hivyo au leta karatasi inayoeleza vilikokwenda." Naam, Baba, siku hizi kuna kompyuta ya vitamini. Amenipa mpaka tarehe 31. Nisipoanza kufikia siku hiyo, nafasi yangu katika nyumba hii atapewa mtu mwingine, na wanaosubiri ni wengi. Nikirudi mtaani sasa, Baba, najijua. Siku tatu hazitapita nitakuwa nyuma ya gereji ile tulikokuwa tunajidungia.

Tena anataka msaidizi wa matibabu, mtu wa nyumbani atakayenikumbusha kumeza na kutia saini kwenye fomu. Nimeandika Mjomba Kamis. Najua hatuna Mjomba Kamis. Mtu akikupigia simu kumuulizia, sema amesafiri.

Naomba bati, Baba. Naogopa, na siwezi kukueleza vizuri kwa nini.

Ojera

*

Kibuli, Alhamisi 20 Machi 2025

Kwa Ojera,

Ingawa leo si siku yake ya soko, Nabintu ameshika njia asubuhi hii na mzigo wako. Ndani yake kuna chupa moja ya vitamini, vidonge sitini na kimoja. Bati lenyewe limepata ajali ya kiutawala. Usiniulize.

Ukipungukiwa, nitaona la kufanya. Meza leo hiihii, saa moja jioni. Ukitapika ndani ya nusu saa, meza kingine. Ukiota unafukuzwa na bata, usiogope, ni wiki mbili tu.

Mimi sina mtu anayeitwa Kamis katika ukoo wangu, na sisemi uongo kwa simu.

Ogwal I.

*

Kawempe, Jumamosi 22 Machi 2025

Papa Ojera,

Jambo kwako. Ni mimi Nabintu wa vitenge. Ninakuandikia ili siku nyingine tusirudie mambo ya juzi.

Uliniambia mzigo usionekane na watu. Lakini Papa, uliufunga kwa magazeti matatu, kamba nyekundu na lakiri, halafu juu ukaandika kwa kalamu kubwa KIELELEZO, USIFUNGUE. Nilikuwa juu ya boda na huo mzigo magotini. Tulipofika kwenye kizuizi, askari kijana akaniuliza, "Mama, hiyo kielelezo ya nani? Ya kesi gani?" Nikasema ya Sajenti Ogwal. Mkubwa wake akageuka haraka. "Yule Mzee wa stoo? Mimi huyo Mzee alinizuia mlangoni saa nzima juu ya kalamu moja!" Wakaanza kubishana. Kufungua wanaogopa, kuacha wanaogopa. Mwisho wakasema kielelezo hakiendi kwa boda, lazima kisindikizwe.

Basi nimeingia Kawempe na pikipiki mbili za polisi mbele, zikipiga king'ora. Vijana wetu walikuwa wanamenya matoke. Walipoona polisi, watatu wakaruka ukuta. Wawili tuliwapata karibu na msikiti. Wa tatu alirudi mwenyewe saa ya chakula.

Papa, sikufungua mzigo. Niliutikisa tu. Ile sauti ninaijua, kwa sababu yangu inalia vilevile ndani ya mfuko wa vitenge, miaka nane sasa. Mimi ninameza sokoni mbele ya wateja, na bado wananunua. Hakuna haja ya lakiri.

Nabintu

*

Kawempe, Jumatatu 24 Machi 2025

Baba,

Nimeipata chupa. Juu umebandika karatasi mpya, "Vitamini za Ojera". Kibandiko cha kliniki umekikwangua vizuri, halikubaki jina wala namba. Kazi safi ya stoo.

Lakini nilipoigeuza nikaona chini kuna kibandiko kingine kidogo, mwandiko wako, umeufunika kwa utepe usiingie maji: "Mali ya Ogwal I. Chupa ya 121 tangu Mei 2009. Saa moja jioni. Isiguswe."

Mia moja ishirini na moja, Baba. Umezihesabu zote.

Halafu nikaanza kucheka peke yangu mpaka Nabintu akaja kunipima joto. Nilikuwa nimekumbuka viatu. Miaka kumi na sita, kila siku saa moja jioni, unajifungia chumbani na kopo la polishi. "Napiga viatu rangi, mtu asinisumbue." Nikiwa mdogo nililigusa kopo lile mara moja tu, na kelele zako zilisikika mpaka kambini kwa polisi. Tangu ustaafu unavaa sandali za plastiki, na bado kila jioni unapiga viatu rangi! Mimi mwanao wala sikujiuliza ni viatu gani. Nilikuwa na shughuli zangu za kuficha.

Basi acha niseme langu kwanza. Zile si vitamini. Nina virusi. Nilipata kwenye sindano. Tulikuwa wanne nyuma ya gereji, sindano moja, na kila mtu akimaliza tuliisuuza kwa maji ya kununua, ya chupa, tukajiona wasafi kuliko watu wote wa Kawempe. Nabintu alitukuta akatupa sindano safi, na siku hiyohiyo akatupima. Kwangu alikuwa amechelewa. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umekwisha kunizika mara moja kwa ajili ya unga, nikaona aibu kukukalisha matanga mara ya pili.

Sijameza bado. Sista ameitazama chupa akasema, "Hizi ni za mtu mwingine. Kila mtu na chupa yake, hapa hatuchangi vidonge. Na huyo mwenye chupa anameza nini sasa hivi?" Nami nakuuliza hilohilo, Baba. Unameza nini?

Zimebaki siku saba.

Ojera

*

Kibuli, Alhamisi 27 Machi 2025

Mwanangu Ojera,

Nimeanza barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na namba za aya, nikazichana.

Nilibakiza vidonge kumi na vinne ndani ya kopo la polishi, kwa hiyo nameza, usihangaike. Jana ilikuwa siku yangu ya kliniki. Msichana wa pale alihesabu akakuta pungufu. Miaka kumi na sita sijawahi kupungukiwa hata kimoja, hunitolea mfano kwa wagonjwa wapya. Akauliza vimekwenda wapi. Nikamwambia vimeliwa na kuku. Akauliza kuku anaendeleaje. Hapo nikashindwa, nikaeleza yote, foleni nzima ikisikia. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Pole, afande." Nilikuwa nimesahau kwamba kila aliyekaa kwenye foleni ile amefuata dawa ileile.

Sasa bati. Nilikudanganya. Bati la bluu lilikuwa namba kumi na nne, na nililichoma Jumamosi ile. Uliponieleza kidonge kilivyo nilikitambua kwenye mstari ule wa kwanza, kama ninavyokitambua kiatu changu. Nilijua mambo mawili kwa mpigo. Kwamba mwanangu anaumwa ninachoumwa mimi, na kwamba dawa yake nimeiteketeza kwa mkono wangu, kwa utaratibu, na shahidi. Sikuwa na ujasiri wa kukuandikia hivyo. Nikaandika kwamba bati liko salama.

Kuna na jambo jingine. Mama yako Akidi hakufa kwa taifodi. Alikuwa na ugonjwa wetu huuhuu. Hakutaka kwenda kliniki kwa sababu wake wa askari wangemwona kwenye foleni, na mimi nilimsaidia kujificha. Nilimnunulia vidonge vya homa, nikawaambia watu ni taifodi, nikafunga mlango. Niliona ndiyo heshima. Nilikwenda kupimwa baada ya mazishi, wewe ukiwa na miaka kumi. Kilichomuua ni ule mlango, Ojera, na aliyeufunga ni mimi. Halafu nikakulea nyumba hiyohiyo, mlango umefungwa vilevile. Naona haya sana.

Huko kunikalisha matanga unakosema, sikuwahi kukuzika. Nilikasirika. Mtu hahesabu vijiko vya nyumba akiwa amemzika mtoto wake.

Naambatanisha vitu viwili. Cha kwanza ni Cheti cha Kuteketeza Vielelezo. Namba 14 inasomeka: "Bati la biskuti, bluu, halikufunguliwa." Kina tarehe, saini yangu na saini ya shahidi. Muhuri sina tena, nimetumia ule wa kanisa kwa ruhusa ya katekista. Sista alitaka karatasi inayoeleza vidonge vilikokwenda. Hiyo hapo.

Cha pili ni fomu yangu. Tangu 2009, mahali pa msaidizi wa matibabu nimeandika Koplo Okidi. Okidi alihamishiwa Arua 2011 na hajawahi kujua kwamba yeye ndiye msaidizi wangu. Msichana wa kliniki anataka mtu wa kweli. Naomba uweke saini yako, ukiona inafaa. Sikuamuru.

Baba yako,
Ogwal

*

Kawempe, Jumatatu 31 Machi 2025

Baba,

Sista alikisoma cheti chako mpaka chini. Akaja kwenye muhuri: "Parokia? Imekuwa sakramenti?" Kisha akavua miwani akacheka hadi akashika meza. Anasema kwa miaka yake yote kazini watu humletea hadithi za panya, mafuriko na wezi, na hajawahi kuletewa vidonge vyenye hati ya kifo na shahidi. Ameipiga picha, ameibandika kwenye faili langu, na kompyuta imekubali. Nimepewa chupa yangu, yenye jina langu. Sijakwangua kitu.

Nilimeza cha kwanza jana saa moja jioni, pale mezani, na wenzangu. Tunaomeza ni tisa kati ya kumi na wanne, Baba! Miezi yote hii nahangaika na bati, kumbe wenzangu wanapokezana jagi la maji. Usiku niliota bata, kama ulivyosema, ila alikuwa na cheo cha koplo.

Nimemfuta Mjomba Kamis na kuandika jina lako. Sista akauliza kama una uzoefu. Nikamwambia una chupa mia moja ishirini na moja.

Fomu yako nimeitia saini. Pale penye "uhusiano na mgonjwa" nimeandika "mtoto wake". Na kama msaidizi nina agizo la kwanza, nawe ulishike: toa dawa ndani ya kopo la polishi. Inanuka.

Kuhusu Mama, nimelia sana. Nabintu alikaa nami. Nimekasirika kidogo, nisikufiche. Lakini sikukasirikii peke yako, maana mlango ule na mimi nimeushikilia kwa ndani. Tutaongea nikirudi. Zimebaki siku arobaini na mbili. Kama bado nina pa kurudi.

Chupa yako narudisha kwa mkono wa Nabintu, vidonge sitini na kimoja. Vihesabu.

Ojera

*

Kibuli, Ijumaa 4 Aprili 2025

Ojera,

Nimevihesabu. Ni sitini na kimoja.

Jana Rosebella alileta mchuzi saa moja kasoro dakika tano. Nilimkaribisha ndani, nikatoa chupa ya 121, nikameza mbele yake kwa maji aliyonipa yeye mwenyewe. Akauliza ni nini hicho. Nikasema si vitamini, nikamweleza, na nikamweleza ya kwako pia yale tu yasiyohitaji ruhusa yako, yaani kwamba uko hai na unakula. Kisha akasema miaka miwili nimemwita mwizi wa vijiko na hakuhama, sembuse hili. Akaniambia nile, mchuzi unapoa. Nilikula sahani mbili.

Kopo la polishi nimelitupa. Viatu sina.

Ndani ya bahasha hii utakuta kijiko kimoja, kati ya vile sita vizima vya mama yako. Ni cha uji wa huko. Sijakipa namba, wala hakuna karatasi ya kutia saini. Siku thelathini na nane zilizobaki zikiisha, urudi nacho nyumbani, kabati liko wazi.

Baba